Makuti ya Nyumba ya Mtani

Dada yangu alinizidi miaka saba. Mama alipofariki nilikuwa sijaacha vizuri kunyonya, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni kwa kanga ya mama, naye mwenyewe bado mtoto. Baba alituangalia mpaka nilipofika miaka kumi na sita, kisha naye akafuata. Tukabaki wawili katika nyumba ya udongo pale Mtoni, upande wa chini wa barabara ya Kilwa, minazi ilipokuwa inashuka mpaka kwenye maji.

Kazi yetu ilikuwa kushona makuti. Nitaieleza kidogo, maana siku hizi watu wanaezeka bati, na vijana wengi hawajapata kuona kuti likishonwa. Unachambua majani ya mnazi, unayaloweka mpaka yalainike, halafu unayakunja mojamoja juu ya kijiti chenye urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kila jani unalifunga kwa uzi wa ukindu. Mtu mmoja anaweza kuifanya kazi hiyo, ila inabidi mwisho wa pili wa kijiti aubane kwa vidole vya mguu, na tulikuwa tukiwacheka sana watu wa namna hiyo. Sisi tulikaa wawili kwenye mkeka mmoja, tukitazamana, kijiti kikiwa mapajani mwetu. Dada alianza mwisho wake, mimi mwisho wangu, tukakutana katikati. Miaka minane tulifanya hivyo. Mikono yetu ilijuana kiasi kwamba mgeni hakuweza kuonyesha mshono wa dada ulipoishia na wangu ulipoanzia.

Baba aliwahi kumwoza dada kwa mtu wa Mbagala akiwa msichana mdogo. Baada ya miaka miwili akarudi na sanduku lake, kwa kuwa hakupata mtoto. Habari hiyo hatukuizungumza. Na kuna habari nyingine ambayo mimi sikuizungumza. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilichumbia binti wa Keko. Jamaa zake wakasema hawawezi kumtoa mtoto wao kwenye nyumba yenye wifi aliyeachika. Nikauvunja uchumba siku ileile. Dada nilimwambia tu kwamba yule binti hakunipendeza. Sababu yenyewe niliiweka moyoni kama mtu anavyoweka akiba, nikijua ipo siku nitaihitaji.

Hapo ndipo alipoingia mtani.

Mimi ni Mzaramo, yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kuli wa bandarini, mtu mpana mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wazee walitwambia utani huo ulianza zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kupita katika nchi yetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakweo, kukunyang'anya kofia, kula chakula chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Dawa ya neno la mtani ni neno kubwa kuliko hilo.

Serikali ilikuwa imepima viwanja Temeke, naye alipata kimoja, akawa anajenga. Kila Jumapili alikuja na mkokoteni kuchukua makuti.

"Wazaramo!" alikuwa akiita tangu mbali. "Mmeamka, au bado mmelala chini ya minazi mnangoja nazi zidondoke?"

"Pita taratibu," namjibu, "usije ukaonja bahari ukauliza nani kamwaga chumvi yote ile!"

Majirani walikuwa wakitoka nje ili wasikie. Dada hakujibu kwa maneno. Aliinamia kuti lake, mabega yakimtikisika kwa kucheka. Nilifurahi kumwona akicheka, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuwa na kicheko hicho. Niliona pia kwamba makuti ya mtani aliyachagulia majani marefu na kuyabananisha kuliko ya wateja wengine.

"Huyu mtu wa bara unampendelea, dada," nilimwambia siku moja.

"Nyumba yake ikivuja tutachekwa sie," akasema. Jibu lilinitosha.

Jumapili moja, baraza imejaa watu, mtani akauacha mkokoteni barabarani akaja mikono mitupu.

"Leo makuti sitaki," akasema. "Nimekuja kumchukua mke wangu huyu."

Watu wakapiga kelele. Nami ningefanya nini? Neno la mtani lilitaka neno kubwa zaidi.

"Mchukue!" nikasema. "Mchukue na kinu chake na mchi wake! Anakoroma, na chai yake haina sukari. Mimi ndiye walii wake, nimekupa, mashahidi hawa hapa!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akashikwa na kikohozi. Mtani naye alicheka. Nilipogeuka kumtazama dada, yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika jani moja mkononi na halikunji.

Kabla sijaendelea, nieleze neno hilo la walii. Katika sheria yetu sisi Waislamu wa pwani, mwanamke haozeshwi bila walii, yaani mwanamume wa damu yake anayetamka neno la kumwoza. Baba akiwa hayupo na babu hayupo, neno linakwenda kwa ndugu wa kiume, hata akiwa mdogo. Kwa hiyo dada, aliyenifundisha kutembea na kunawa, hakuweza kuolewa na mtu yeyote bila ulimi wangu. Nililijua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba ana mfupa mguuni. Sikuwahi kulifikiria.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, walikuja wazee wawili wamevaa kanzu safi. Mmoja alikuwa Mnyamwezi mwenye ndevu nyeupe. Mwingine sikumjua. Walikuwa na sinia lililofunikwa kitambaa.

"Tumekuja kwa lile neno lako, bwana," akasema yule wa ndevu. "Kijana wetu ametutuma."

Nikaona kabisa mchezo. Mtani amekodi wazee, amewavika kanzu, waje kunicheza nyumbani kwangu. Nikasema moyoni, leo nitawaonyesha. Nikafunua sinia. Mlikuwa na tambuu, popoo na chokaa, vitu vya posa. Nikajikatia popoo, nikakunja jani la tambuu, nikatia mdomoni na kuanza kutafuna.

"Tamu," nikasema. "Lakini mwambieni, Mnyamwezi hajui kitu ila mzigo kichwani. Kama anataka mke, aje ambebe kichwani mpaka Tabora, tuone kama shingo itafika! Na nyie wazee mmekodiwa kwa nini, kwa mihogo?"

Yule wa ndevu alitabasamu kidogo, kwa sababu yeye ni mtani na alibanwa na sheria ya utani. Mwenzake hakutabasamu. Alikuwa mtu wa pwani kama mimi, nilikuja kujua baadaye ni mzee wa msikiti huko Keko, wala hakuwa na utani wowote na mimi. Akasimama, akakung'uta kanzu.

"Bwana mdogo," akasema, "hatukuja kucheza. Tumekuja kuposa. Unakula tambuu ya posa, na papo hapo unatutukana. Ni desturi ya wapi hiyo?"

Nikaitema tambuu kiganjani. Na kabla sijapata neno, pazia la mlango wa ndani likafunguka, dada akatoka. Mwanamke anayeposwa hatoki mbele ya washenga. Hilo kila mtu analijua, na dada alilijua kuliko wote. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akapiga magoti pembeni ya mlango.

"Shikamooni, wazee wangu. Mtoto huyu nimemlea mimi. Kosa lake ni langu. Nawaombeni mrudi Ijumaa baada ya sala, mtapata jibu la mtu mzima."

Wazee wakatazamana. Yule wa Keko akashusha pumzi, akasema, "Kwa heshima yako wewe, binti yangu." Wakaondoka. Sinia wakaliacha.

Nilikuwa bado na wekundu wa tambuu mdomoni nilipomuuliza, "Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuchagua majani marefu."

"Umenifanya mjinga mbele ya watu!"

"Mie?" akasema. "Nani kasema mchukue na kinu na mchi? Nilidhani umejua. Nilidhani unanipa kwa njia ya mzaha ili nisione haya. Wiki tatu mie nakushukuru moyoni, mdogo wangu, kumbe nashukuru upepo."

Hapo aibu yangu ikageuka ukaidi. Mtu mwenye aibu ni hatari. Nikasema yule ni mtu wa bara, atampandisha treni, atazikwa mbali na mama. Dada akasema mtu anayejenga Temeke hafikirii treni. Nikasema jamaa watatucheka. Akasema wameshacheka, na chanzo ni mimi. Ndipo nikatoa akiba yangu.

"Mie niliacha kuoa kwa ajili yako! Wale watu wa Keko hawakutaka wifi aliyeachika. Nikawaacha. Unajua hilo?"

Dada akalifunika tena sinia kwa kitambaa chake.

"Nani alikutuma?" akauliza. "Ungeniambia siku ileile ningehama. Ningekwenda kwa shangazi na ungeoa. Hukuniambia. Umekaa nalo miaka miwili unaningoja nalo."

Nikasema neno la mwisho ambalo nalijutia hadi leo: "Mie ndiye walii. Na mie sitaki."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kazi iliendelea, kwa kuwa mteja mmoja wa Mtoni alikuwa amekwisha agiza. Dada alikaa mahali pake kwenye mkeka, akaanza mwisho wake kama kawaida, ila alipokaribia katikati aliacha. Hakuja kunipokea. Nami kwa kiburi nikaacha upande wangu. Kila kuti likabaki na pengo la shubiri moja katikati, tukaliweka pembeni na kuchukua kijiti kingine. Alinipikia, akanitengea, akanijibu kila nilichouliza. "Ndiyo." "Bado." "Chumvi iko juu ya kabati." Kufika Jumatano kulikuwa na makuti kumi yenye mapengo yameegemezwa ukutani, na kila aliyepita aliyatazama bila kuuliza.

Kadhi alikuwepo mjini. Dada angeweza kwenda kushitaki kwamba walii anamzuia bila sababu, na kadhi angemwoza mwenyewe. Wanawake wengine walifanya hivyo. Kila alipovaa kanga ya kutokea, nilidhani ndiyo anakwenda. Alikuwa akienda kisimani tu.

Jumatano mchana nilikwenda Temeke kwa miguu kuitazama nyumba ya mtani. Nilikwenda kutafuta kasoro. Nilitaka kukuta udongo uliopasuka, au mwanamke mwingine, au chupa za pombe, kitu ambacho ningeweza kukitaja Ijumaa mbele ya wazee.

Nilimkuta juu ya paa. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, kuta zimekandikwa sawasawa. Paa lilikuwa limeezekwa pande zote, isipokuwa sehemu ya juu kabisa, kwenye mgongo. Nilitazama juu nikakutana na kazi yangu. Kuti juu ya kuti, yote ni yetu. Nilijua hata ni yapi tuliyashona wakati wa mvua, kwa weusi wake. Miezi mitano nilikuwa nimekaa kwenye mkeka namwezekea dada nyumba ya kuhamia aniache, huku nikiimba.

Mtani akashuka. Nilingoja tusi. Hakutukana. Alijifuta mikono kwenye msuli, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Karibu, bwana."

Hilo "bwana" lilinitisha kuliko tusi lolote.

"Mbona hutanii?" nikamuuliza.

"Nikikutania utasema tena nilikuwa nacheza."

Tukasimama. Nikamuuliza kama anajua kwamba dada hakupata mtoto. Akasema anajua, dada mwenyewe alimwambia siku ya kwanza walipoongea peke yao, kabla hajamwambia jina lake. Nikamuuliza kama atarudi Tabora. Akasema mama yake yuko huko, akiitwa atakwenda, na hawezi kuniapia uongo. Nikashika neno hilo kama mtu aliyeokota jiwe. Hiyo hapo sababu. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi asubuhi nilimwambia dada nimepata sababu. Alikuwa anachambua majani uani. Hakuinua kichwa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kwa kadhi siendi. Sikukubeba mgongoni ili nije nikushitaki. Kesho ukisema hapana, nitabaki. Nitapika, nitashona, tutakaa humu mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Sitakununia, maana kununa kunachosha. Lakini usinitafutie sababu. Sema hapana, basi, nijue ni wewe."

Akaendelea kuchambua. Nilikaa pale nikasikia kila jani likichanika. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, dada wa kukaa naye maisha yangu yote, na nilipojaribu kukiwaza kilikuwa ni zile siku nne zilizopita, "ndiyo", "bado", "chumvi iko juu ya kabati", kwa miaka thelathini.

Ijumaa baada ya sala wazee wakaja, na majirani watatu wa kiume kama mashahidi. Mtani hakuja, kwa kuwa mwenye kuposa hakai kwenye baraza la posa. Hakuna aliyejua nitasema nini. Nasema kweli, hata mimi sikujua sawasawa. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. Nyuma ya pazia niliona vidole vya miguu ya dada, havisogei.

Mzee wa Keko akasema, "Tumeitwa tuje kusikia jibu la mtu mzima."

Kwanza nikawaomba radhi wote wawili. Walingoja. Nje kuku alipita, akachakura mlangoni, akaenda. Nikamtazama yule mzee wa ndevu, nikasema, "Siku ile nilipotoa neno nilikuwa nafanya mzaha. Leo si mzaha. Dada yangu anamtaka, nami walii wake nimeridhia. Awe mke wake."

Nilisikia pazia likitikisika na vile vidole vikaondoka.

Wakasoma fatiha. Tulipomaliza, mzee Mnyamwezi akasafisha koo, na machoni mwake nikaona utani umerudi.

"Sasa kuna faini," akasema. "Alinitukana mimi mtu mzima, nikanyamaza. Amesema Mnyamwezi hajui kitu ila mzigo kichwani. Haya. Paa la kijana wangu halijafungwa mgongo. Makuti ya mwisho atayapeleka Mzaramo huyu, kichwani, mchana kweupe, kwa barabara ya Kilwa."

Hata mzee wa Keko alicheka.

Walipoondoka nilikwenda uani. Dada alikuwa amekwisha kaa kwenye mkeka, na kuti la kwanza lenye pengo lilikuwa mapajani mwake, mwisho wa pili ukiningoja. Nikakaa. Tulishona shubiri ile, tukachukua la pili, na la tatu. Mahali fulani kwenye la sita niliona mkono wake umelowa, nikajifanya nimepoteza uzi. Yule mteja wa Mtoni ilibidi angoje mengine, kwa kuwa yale kumi dada alisema yana safari.

Jumapili akayafunga mwenyewe. Akasokota ngata kwa kanga kuukuu, akaniwekea kichwani, akanitwika mzigo kwa msaada wa jirani.

"Usigeuze shingo," akasema. "Wakikuita usigeuke, utaangusha."

"Wataniita?"

"Watakuita tu. Nimewaambia."

Kweli waliniita, kuanzia Mtoni mpaka Temeke. "Mpagazi! Tabora ni upande ule!" Nilikwenda wima kama mlingoti, jasho likiniingia machoni, na vumbi la makuti likinishuka mgongoni. Mtani alinipokea mlangoni, akautua mzigo kwa mkono mmoja kama mto wa sufi.

"Shingo yako bado changa," akasema. "Lakini utafaa."

Wakafunga nikaha Ijumaa iliyofuata. Nililitamka neno la walii mbele ya sheikh bila kukwama, maana gumu lilikuwa limekwisha pita.

Sitasema kwamba mambo yalirudi kama zamani. Dada alikuwa akija kila baada ya wiki mbili, akileta chungu cha mchuzi, akitazama kama nimefagia. Ile akiba niliyomtolea siku ya ugomvi hakuitaja tena, nami sikuweza kuirudisha nilikoitoa.

Asubuhi ya kwanza baada ya arusi nilitandika mkeka uani. Nilichukua kijiti nikakilaza mapajani, nikakaa kidogo nikingoja. Kisha nikanyoosha mguu, nikaubana mwisho wa pili kwa vidole vya mguu, nikakunja jani la kwanza. Kijiti kikachomoka. Nikakibana tena.